Kuzeesha Manowari

Nusu pima, kutoka omo hadi tezi,
imelala juu ya meza ya kulia
na sisi tunakula mkekani, mwezi wa tano huu.
Mize hakusema kitu. Alihamisha tu mabakuli.

Ubavu wake ni bomba la maji machafu
nililolipasua kwa msumeno, nikalilegeza kwa moto.
Sitaha ni mlango wa friji iliyokufa ya Bi Raya wa Limbani.
Ndege kumi na nane nimezikata kwenye makopo ya maziwa:
igeuze ile ya tatu, chini ya bawa utamwona ng'ombe.
Kipimo changu ni hiki: punje ya mchele ni baharia.
Punje nzima, si chenga. Chenga ni mtoto,
na manowari haibebi watoto.

Madirisha yalinishinda.
Keekee inaranda, plastiki inapasuka,
nikatukana, nikaomba toba, nikatukana tena.
Ndipo Mize alipoweka chini kofia aliyokuwa akiishona,
akaipitisha sindano kwenye mshumaa,
akatoboa. Tundu moja. La pili sawa na la kwanza.
"Mangapi?"
"Mia mbili na kumi na mbili."
"Kofia ya Idi ina zaidi ya hayo," akasema,
na siku tisa tukakaa bega kwa bega,
yeye anatoboa, mimi napuliza moshi.

Taa nimezing'oa kwenye tochi mbovu
na simu zilizozama chooni;
waya kama unywele wa mtoto mchanga,
betri tumboni, swichi nyuma, penye rafadha.

Ilipokwisha ilimetameta, kijivu kitupu,
kama sufuria ambayo haijaona jiko.
Mize akafurahi. Mimi sikulala.
Alfajiri nikaanza kuizeesha.

Misumari niliiloweka kwenye siki wiki mbili.
Kutu yake nikaishusha kwa kijiti cha wanja
kutoka kwenye tundu la nanga, mchirizi baada ya mchirizi,
maana kutu haipakwi. Kutu hulia.
Masizi ya chungu pale ndege zinapounguza sitaha.
Chumvi juu ya rangi mbichi, kisha kuipangusa
iache mabaka, kama ukuta wetu wa nyuma.

"Kitu kipya wakichakaza?"
"Chombo kisicho na kutu, Mize, hakijakwenda popote."

Maneno hayo si yangu. Ni ya kaka yangu Shaame,
miaka kumi na moja akigonga kutu kwenye meli za watu.
Barua moja tu aliandika, kutoka Suezi:
*Usiku tumepishana na manowari ya ndege.
Taa kama Darajani mkesha wa Idi,
na hatukusikia sauti ya mtu.
Kulipokucha nikauona ubavu. Kutu, mdogo wangu.
Kutu ile ile ninayoigonga mimi.*

Alirudi na sikio moja. Siku hizi anauza saruji Konde.
Jana alikuja, akaizunguka meza,
akainama penye nanga,
na ukucha wake ukaanza kukwangua.
Nadhani mkono haukumuuliza.
"Samahani," akasema, akauficha mfukoni.

Umeme hutufikia chini ya bahari, kutoka Tanga,
na baada ya Isha bahari ikaumeza.
Wete nzima, kiza. Jirani akaita watoto.
"Iwashe basi," akasema Mize,
kama mtu anayeomba chumvi.

Mia mbili na kumi na mbili.
Mize akasogea, akatunga uzi mara ya kwanza.
Shaame akarudi nyuma hadi mlangoni,
akatoka, akasimama uani,
akitafuta umbali wake.

Mbu akaja kutoka upande wa jikoni,
akazunguka mara mbili, akashuka,
akatua katikati ya sitaha.
Hakuna aliyempiga.